Neno Huishia Wapi? Silabi na Mkazo katika Maandishi ya Unguja

Kuna ugomvi mdogo usiokwisha baina ya wanaoandika Kiswahili: lipi liunganishwe na lipi litenganishwe. Tunaandika "mwenyekiti" kwa neno moja na "mwenye nyumba" kwa mawili. "Babangu" tunaliunganisha, "baba yangu" tunalitenganisha, na "kwa nini" wengine huliandika hivyo na wengine "kwanini", kila upande ukiona mwengine umekosea. Ugomvi huu huchukuliwa kuwa ni suala la mazoea tu, au la amri ya baraza fulani. Mimi nasema sivyo. Kiswahili kina hakimu wake wa ndani, aliyekuwepo kabla ya mabaraza na kabla ya mitambo ya chapa, naye ni mkazo. Unguja, ambayo lahaja ya mji wake ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu, ndiko ambako hukumu zake zinaweza kufuatwa vizuri zaidi: kwanza katika herufi za Kiarabu, kisha katika herufi za risasi za wamisionari, kisha katika maamuzi ya kamati za serikali. Waandishi waliomsikiliza walikosea kidogo. Waliotegemea sarufi ya lugha nyengine walituachia mashaka tuliyonayo hadi leo.

Tuanze na kanuni yenyewe, maana nguvu ya hoja yote imo humo. Silabi ya Kiswahili cha asili huishia kwa irabu: "ki-ta-nda", "nyu-mba", "ja-ngwa". Konsonanti zinaweza kurundikana mwanzoni mwa silabi, lakini mwisho wake hubaki wazi. Nyongeza ni moja tu, nayo ni m na n zinazosimama peke yake. "Mtu" lina silabi mbili, m na tu, na mkazo huiangukia hiyo m, ingawa haina irabu ya kuitegemeza. "Nchi", "nne" na "mbwa" ni vivyo hivyo. Tahajia moja inaweza hata kuficha hesabu mbili: "mbuni" aliye ndege ni silabi mbili, na "mbuni" aliye mtu wa kubuni mambo ni tatu. Mkazo nao hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na haukushikamana na mzizi. Ukiongeza kitu nyuma, nao unasogea. Majina ya mitaa ya Mji Mkongwe yanatosha kuonyesha. Katika "mkunazi" sauti inapanda kwenye "na". Katika "Mkunazini" inapanda kwenye "zi". "Daraja" imekuwa "Darajani", "forodha" imekuwa "Forodhani", na kila mara mkazo umesogea hatua moja kuelekea kiambishi. Hata asiyejua kuwa mkunazi ni mti atatambua kwa sikio kwamba ile "ni" ni sehemu ya jina, kwa sababu sauti imepanda silabi moja tu kabla yake. Kazi kubwa ya mkazo wa Kiswahili ndiyo hiyo. Ni mara chache unatofautisha maana. Mara zote unatangaza kwamba neno linakaribia kuisha.

Ili thamani ya jambo hili ionekane, tutazame lugha isiyokuwa nalo. Kiholanzi huunganisha nomino bila ya kuacha nafasi, na maneno yake marefu humtaka msomaji ajue mapema yameungwa wapi. "Kwartslagen" ikigawanywa "kwart-slagen" ina maana ya mizunguko ya robo. Ikigawanywa "kwarts-lagen" ni matabaka ya jiwe la kwatzi. Mkazo haumsaidii msomaji, kwa kuwa katika migawanyo yote miwili unakaa mwanzoni, juu ya sehemu ya kwanza ya neno. Pengine Kiholanzi hutumia mkazo kutenganisha maana: "voorkomen" ikikazwa mwanzo ni kutokea, ikikazwa katikati ni kuzuia. Kiswahili kinazo jozi za namna hiyo, na kila mwanafunzi wa skuli huzijua: "barabara" ya magari imekazwa kwenye "ba" ya pili, na "barabara" yenye maana ya sawasawa imekazwa kwenye "ra" ya kwanza, "walakini" yenye maana ya kasoro imekazwa kwenye "ki", na "walakini" ya kuunganisha sentensi imekazwa kwenye "la". Lakini kwetu jozi hizo zinahesabika kwa vidole, na karibu zote ni za maneno ya kupokea. Mholanzi lazima alijue neno ndipo alikate. Mswahili anaweza kulikata neno asilolijua kabisa, mradi amelisikia.

Inasemwa mara nyingi kwamba kanuni hii ya silabi na mkazo ni ya wazungu: walikuja, wakakisikiliza Kiswahili kwa masikio ya Kilatini, wakakifungia katika sheria. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu ni kweli kwamba vitabu vya mwanzo vya sarufi viliandikwa na wamisionari. Lakini lina jibu katika maandishi yaliyotangulia. Kwa karne kadhaa watu wa Pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo hazikuumbwa kwa ajili yetu: kasra moja ilitumika kwa i na e, dhamma moja kwa u na o, na hazina alama yoyote ya mkazo. Hata hivyo waandishi walipata njia. Katika barua na miswada ya tenzi, alifu, wau au ye, ambazo katika Kiarabu huonyesha irabu ndefu, aghalabu hutiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, hata pale ambapo Kiswahili hakina urefu wowote wa irabu unaotofautisha maana. Jina la kisiwa chenyewe huandikwa hivyo: katika "Unguja", wau imekaa kwenye "gu". Mwandishi hakuwa na istilahi ya kulitaja alilolifanya, wala hakulihitaji. Alisikia silabi inavutwa, akaiandika kama inavyovutwa. Kanuni ilikuwemo sikioni mwake kabla hajatokea Mzungu wa kuieleza.

Chuo nacho kilichangia. Mtoto wa Unguja aliyepelekwa kwa mwalimu wa Kurani hakufundishwa herufi tupu. Alifundishwa herufi pamoja na irabu yake, "ba", "bi", "bu", yaani silabi nzima kwa pamoja. Skuli za herufi za Kirumi zilipokuja na "ba, be, bi, bo, bu" hazikuleta fikra ngeni, ziliongeza irabu mbili tu. Nadhani ndiyo sababu istilahi "irabu" yenyewe, ambayo chuoni ilikuwa ni alama za juu na chini ya herufi, ilihamia bila ya taabu kwenye sarufi ya skuli ikawa na maana ya a, e, i, o, u.

Pale ambapo herufi za Kiarabu zilipwaya ni katika kuonyesha mipaka ya maneno. Alifu, dali, re, ze na wau haziungani na herufi inayofuata, hivyo nafasi huonekana katikati ya neno moja. Na kwa kuwa Kiarabu huambatanisha viunganishi vyake vifupi na neno linalofuata, mwandishi wa Kiswahili naye mara nyingi aliambatanisha "na", "ya" au "wa" na nomino iliyo mbele yake. Wala hakulazimika kuamua neno lake linakatwa wapi ukurasa ukimbana. Kwa desturi ya waandishi hao, neno halikatwi mwisho wa mstari. Herufi hurefushwa au hubanwa mpaka mstari ujae. Swali la kukata neno liliingia Unguja pamoja na herufi za risasi.

Misheni ya Vyuo Vikuu ilihamia Unguja mwaka 1864, na miongoni mwa waliofika alikuwamo Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu na akafia hapo mwaka 1882. Steere aliijua kazi ya kupiga chapa kwa mikono yake, na mtambo wa misheni ulifanya kazi kwa msaada wa vijana waliokombolewa utumwani. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kinachosemwa Unguja, na mwaka huohuo hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa kisiwa. Irabu alizichukua kwa matamshi ya Kiitaliano na konsonanti kwa ya Kiingereza, uamuzi ambao ungali ndio tahajia yetu. Kuhusu mkazo alieleza kanuni ya silabi ya pili kutoka mwisho, akaishia hapo. Hakutia alama juu ya kila neno, kwa sababu kanuni ikishajulikana alama hazina kazi. Naona uamuzi huo wa kutoweka kitu ulikuwa na faida kubwa kuliko mengi aliyoyaweka. Alama zingeyajaza maneno vijiti, na kila mpangaji wa herufi angeongeza makosa yake.

Tumlinganishe na aliyemtangulia. Johann Ludwig Krapf, aliyepita Unguja mwanzoni mwa 1844 kabla ya kukaa Mombasa na Rabai, alichapisha sarufi yake Ujerumani mwaka 1850, na katika jina la kitabu aliiandika lugha hii "Kisuáheli", alama ya mkazo ikiwa juu ya a, silabi ya tatu kutoka mwisho. Katika jina hilohilo la kitabu aliandika pia "Kiníka", alama ikiwa juu ya i ya pili, pale pale ambapo kanuni inataka. Mtu anaweza kudai kwamba Krapf alikosea kusikia. Lakini aliyeweka alama ya "Kiníka" mahali pake hakuwa mtu wa kuzitupa ovyo. Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba neno hili lilikuwa bado njiani. Asili yake ni Kiarabu "sawahil", yenye mkazo kwenye "wa" iliyo ndefu. Kiswahili kiliongeza irabu mwishoni ili silabi ya mwisho isifungwe, na mara ile "wa" ikajikuta ya tatu kutoka mwisho. Waliokuwa na elimu ya Kiarabu, na hao ndio aliokaa nao Krapf mara nyingi, waliendelea kuikaza hapo. Wasemaji wa kawaida waliuvuta mkazo mbele hadi "hi". Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, aliiandika "Kisawahili", silabi ya "sa" ikiwa bado nzima. Leo tunasema "Kiswahili", na "sa" imepoteza irabu yake kwa kukaa mbali mno na mkazo.

Njia hiyohiyo ilipitwa na maneno mengi ya Kiarabu, na kila moja lilifika kwa wakati wake. "Kitab" na "sultan" hayakupata taabu: mkazo ulikuwa katika silabi ndefu ya mwisho, ikaongezwa irabu, na silabi ndefu ikawa ya pili kutoka mwisho bila ya mtu kufanya lolote, tukapata "kitabu" na "sultani". "Bahr" na "waqt" yalitiwa irabu katikati na mwishoni yakawa "bahari" na "wakati". "Katib" na "wajib" yalikazwa mwanzo katika Kiarabu. Kiswahili kikayasogeza, "katibu" na "wajibu" yakakazwa kwenye silabi ya katikati. "Lazim" ilitakiwa iende nayo, lakini "lazima" imebaki imekazwa kwenye "la" hadi leo. Maneno kama hili hutajwa kuwa ni ushahidi kwamba kanuni si ya kweli. Mimi nayaona kinyume chake. Tukiyakusanya yote yasiyofuata kanuni, tunapata kundi dogo la wageni ambao wengine waliokuja nao wamekwisha kuhamia, na hakuna hata neno moja la asili ya Kibantu lililokwenda upande wao.

Ushahidi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, haumo katika historia ya vitabu. Umo katika vitenzi vya silabi moja. Tunasema "anasoma", lakini hatusemi "anala", tunasema "anakula". Tunasema "alikuja", "watakufa", "amekunywa". Ile "ku" ni ya jina la kitenzi na haina maana yoyote katika "anakula", imefuata nini? Imefuata mkazo. Bila ya hiyo, mkazo ungeangukia "na", "li", "ta" au "me", na viambishi hivyo haviubebi. Viambishi vinavyoweza kuubeba havihitaji msaada: "akila", "akaja", "hunywa". Kikiingia kiambishi cha mtendwa, "ku" inaondoka palepale, kwa sababu amepatikana mbebaji: "anakila" chakula, "anamla" kuku, mkazo ukiwa kwenye ile m tupu. Kikiongezwa kitu nyuma, mzizi wenyewe unakuwa wa pili kutoka mwisho na unajibebea: "ajaye", "wafao". Lugha imekubali kuongeza silabi nzima isiyo na maana kuliko kuvunja kanuni ya mkazo. Na kwa kuwa mkazo mmoja umetawala kuanzia "a" hadi "la", waliopanga herufi Unguja walikuwa na haki kuandika "anakula" kwa neno moja, ingawa mtu wa sarufi ya Kiingereza anayaona humo maneno matatu au manne.

Maamuzi yaliyofanywa juu ya meza za chapa za Unguja yalisafiri mbali. Arthur Madan, mmisionari wa hapohapo Unguja, alitoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa lugha ya skuli za Afrika Mashariki dhidi ya Kimvita kilichokuwa na watetezi wake na fasihi tajiri. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, na kamusi zilizotayarishwa chini ya katibu wake, Frederick Johnson, na kutolewa mwaka 1939, zilijengwa juu ya msingi wa Madan. Kwa njia hiyo mtoto wa Kampala au Mwanza alijifunza kuunganisha na kutenganisha maneno kama yalivyoamuliwa Unguja. Kilichopotea njiani ni sikio. Kamati zilifanya kazi kwa maandishi, na wasomaji wake wengi hawakuwa na Kiswahili cha nyumbani; swali la lipi ni neno likageuka kuwa swali la mizizi na viambishi.

Hapa ndipo maneno ambatani yanapoingia. "Mwenyekiti" katika wingi ni "wenyeviti": umbo linabadilika ndani kana kwamba bado ni maneno mawili. "Mwanamke" ni "wanawake", vilevile. Kwa hukumu ya viambishi yangeandikwa mbalimbali. Lakini yametamkwa kwa mkazo mmoja, kwenye "ki" na kwenye m ya "mke", wakati "mwenye" na "mwana" yamekosa mkazo wake. Mkazo umeshinda, na leo hakuna anayeandika "mwenye kiti" akikusudia kiongozi wa mkutano. Katika "mwenye nyumba" mambo ni mengine: "mwenye" bado ina sauti yake, na nyumba ni nyumba kweli. Pale maana ya sehemu inapofifia, mkazo wake hufifia pamoja nayo. Tazama "kifunguamimba", yule mtoto wa kwanza: silabi sita, ki-fu-ngu-a-mi-mba, na kilele kimoja tu kwenye "mi". Kitenzi "fungua" kilichomo ndani, ambacho peke yake kingekazwa kwenye "ngu", kimenyamaza. Anayeliandika kwa maneno mawili anaandika asichokitamka. Majina ya mahali ya Unguja yamehifadhi mchakato mzima katika hatua zake tofauti: Mnazi Mmoja bado ni maneno mawili, kila moja na sauti yake, Mwembetanga, Mwembeladu na Rahaleo yamekwisha kuwa mamoja, na Kiembesamaki ingali inaandikwa kwa njia zote mbili.

Wapo watakaoniambia kwamba washairi, walio na sikio kuliko sote, hawajali mkazo, nami sina budi kuwajibu. Ni kweli kwamba utenzi huhesabu mizani nane katika kipande na shairi la kawaida kumi na sita katika mshororo, na mizani ni silabi, iliyokazwa na isiyokazwa sawasawa. Kina nacho hukaa katika silabi ya mwisho, ambayo kwa kanuni haikazwi. Katika taarabu muimbaji huivuta silabi anayoitaka. Mwaka uleule wa 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na wimbo wa aina hiyo haufuati mkazo wa mazungumzo. Lakini ushairi unakataa jambo moja: mizani ya nane haimalizikii katikati ya neno. Kina cha kati ni lazima kiwe mwisho wa neno, na mshairi anayelazimisha vyengine huonekana mara moja kuwa hajui. Na anapohitaji kupunguza mizani hugeuza "mwana wangu", silabi nne na maneno mawili, kuwa "mwanangu", silabi tatu na neno moja, mkazo ukiwa umesogea hadi "na". Ushairi unahesabu silabi, naam, lakini unazihesabu ndani ya mipaka iliyokwisha kuwekwa na mkazo.

Pingamizi gumu zaidi ni la "kwa nini" na ndugu zake. Ikiwa mkazo ni hakimu, basi "kwa", "ya" na "na", ambazo hazina mkazo wake, zingeunganishwa na neno linalofuata, na waandishi wa herufi za Kiarabu walioziambatanisha wangekuwa ndio waliokuwa sawa. Lazima nikubali hapa kwamba mamlaka ya mkazo yana mpaka. Mkazo huhesabiwa kutoka mwisho, kwa hiyo unajua kilichoongezwa nyuma na haujui kilichotangulia. "Baba" ikipokea "ngu", mkazo unasogea, nasi tunajua kwamba neno limekuwa moja. "Wasema" ikipokea "je" inakuwa "wasemaje", mkazo kwenye "ma", na hoja imekwisha. Lakini "nini" ikitanguliwa na "kwa" haibadiliki hata kidogo, na mkazo hauna la kusema. Upande huo wa mbele itabidi tutumie kipimo kingine: je, kinaweza kuingizwa kitu katikati? Baina ya "ya" na "mtoto" tunaweza kutia "yule". Baina ya "a" na "nasoma" hatuwezi kutia chochote. Kwa kipimo hicho "ya", "kwa" na "na" zinabaki peke yake. Kuhusu "kwa nini", desturi ya kuitenganisha ni nzuri, lakini anayeiunganisha hajavunja kanuni yoyote ya sauti, na ukali anaofanyiwa umezidi.

Maneno mapya yana mtihani wake. Unguja husema "skuli" ilhali Bara husema "shule", na "skuli" imeanza na s na k bila ya irabu baina yake. "Daktari", "maktaba" na "labda" yana silabi zilizofungwa katikati. Kiswahili cha zamani kingezifungua, kama kilivyofanya katika "wakati". Kiswahili cha leo kinaziacha, kwa sababu wasemaji wake wamezoea Kiarabu na Kiingereza vya darasani. Silabi kwa hiyo inabadilika polepole. Mkazo haujabadilika: "daktari" imekazwa kwenye "ta", "maktaba" vilevile, na "skuli" kwenye "ku". Sioni dalili kwamba utabadilika.

Basi ombi langu ni kwa wahariri, wachapishaji na watunga kamusi, na kwa BAKIZA na BAKITA wenye dhamana ya lugha hii. Neno likikatwa mwisho wa mstari, likatwe baada ya irabu: "nyu-mba", si "nyum-ba" kama zinavyofanya programu za kupanga kurasa zilizofundishwa Kiingereza peke yake. Maneno yasiyofuata kanuni ya mkazo yawekewe alama katika kamusi, kwa kuwa ni machache na mwanafunzi hana pengine pa kuyajua. Na neno ambatani jipya likibuniwa, kabla ya kuamuliwa liunganishwe au litenganishwe, litamkwe kwanza mbele ya watu wanaokisema Kiswahili tangu utotoni, ihesabiwe mikazo wanayoitoa, ndipo liandikwe.